Brashi ya kunyolea ndevu: mbona inanuka na nimeikausha?

Swali: Nikiigusa asubuhi brashi yangu ni kavu, lakini inanuka uvundo. Kwa nini?

Jibu: Umegusa ncha tu. Zitenganishe nywele kwa vidole hadi zinapoingia kwenye mpini, ushike pale chini. Mara nyingi utakuta unyevunyevu, pengine na utando mweupe wa sabuni. Nywele zimesongamana hapo, hewa haipenyi kirahisi. Maji, masalia ya sabuni na ngozi iliyokufa vikikaa pamoja, bakteria na kuvu wamepata nyumba.

Swali: Niisafisheje basi?

Jibu: Isuuze kwa maji ya uvuguvugu, ukiibonyezabonyeza hadi povu liishe kabisa. Ikamue kwa kiganja bila kuisokota kama tambara, maana kusokota hung'oa nywele. Kisha ikung'ute kwa nguvu mara tatu nne na uipitishe juu ya taulo kavu. Wengi hukamua wakaishia hapo, ilhali kukung'uta ndiko kunakotoa maji yaliyojificha ndani.

Swali: Niining'inize kichwa chini au niisimamishe?

Jibu: Watu hubishana sana juu ya hili. Mimi naona vyovyote sawa, ilimradi pawe na hewa. Maji yaliyonaswa kwenye shina hayadondoki yote. Sehemu kubwa huondoka kwa kukauka. Kuifungia kabatini au kwenye kikopo cha safari ikiwa mbichi ndiko kunakoiharibu. Na isipowahi kukauka kabla ya kunyoa tena, uwe na mbili zipokezane.

Swali: Nikiichemsha?

Jibu: Usiichemshe. Joto kali hulegeza gundi na kukakamaza nywele.

Swali: Kweli brashi inaweza kuambukiza ugonjwa?

Jibu: Imewahi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za nywele za farasi zisizotakaswa vizuri. Vimelea vilitoka kwa mnyama mwenyewe, kwa hiyo kuikausha kusingewaokoa. Siku hizi nywele za wanyama hutakaswa kabla ya kutengenezwa brashi. Kwako wewe, la kuangalia zaidi ni vipele vya usaha kwenye vinyweleo. Usichangie brashi na mtu. Vipele vikitokea, pumzika kunyoa. Vikienea, vikiuma sana au ukipata homa, nenda kituo cha afya. Brashi iliyoota madoa meusi ya kuvu kwenye shina, itupe tu, hata kama uliinunua ghali.