Tiketi mtandao: meseji ya malipo bado si tiketi

Tiketi mtandao ni kumbukumbu ya safari yako iliyoandikwa kwenye mfumo wa msafirishaji: jina la abiria, tarehe, chombo, unatoka wapi unakwenda wapi, kiti au daraja, na kama imeshatumika au bado. Ni hivyo tu. Kinachokaa kwenye simu yako ni ufunguo wa kuifikia kumbukumbu hiyo, uwe ni namba ya tiketi ndani ya meseji, faili la PDF au kile kimraba cha QR. Maana yenyewe haina ugumu. Ugumu umo midomoni mwetu.

Nenda stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza, alfajiri. Mama ananyoosha simu mlangoni mwa basi: "Tiketi yangu hii hapa, mwanangu." Kwenye kioo pameandikwa "Imethibitishwa", kiasi kilichokatwa, namba ya muamala na salio lililobaki. Kijana wa mlangoni anasoma, anarudisha simu: "Mama, hii ni meseji ya hela. Tiketi iko wapi?" Mama anaona anadhulumiwa. Kijana anaona anacheleweshwa. Itazame meseji ile tena: haina jina la abiria, haina tarehe ya safari, haina kiti. Ni kampuni ya simu inayosema pesa imetoka. Habari za basi haizijui.

Tulipotoka kwenye karatasi tulibaki na kitenzi kile kile, kukata tiketi, na zamani kukata kulikuwa kukata kweli. Karani alikuwa na kitabu. Aliandika, akachana kwenye mstari wa vitobo, akakupa kipande. Kitabuni kilibaki kishina chenye namba ile ile. Watu wamekisahau kishina, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Kipande cha abiria kilikuwa na nguvu kwa sababu mahali fulani palikuwa na mwenzake wa kukithibitisha. Kwenye tiketi mtandao, kishina ndiyo kumbukumbu iliyo kwenye mfumo, na kipande ndicho hicho unachoonyesha kwenye simu. Asiyekuwa na kishina hana tiketi, hata kama simu yake imejaa meseji.

Ndiyo maana picha ya tiketi ya kuandikwa kwa mkono, aliyokutumia wakala kwa WhatsApp, si tiketi mtandao. Imepita mtandaoni, hilo kweli. Lakini kishina chake kimo kwenye kitabu cha wakala, pengine ndani ya droo, na mwenzake wa kibanda cha pili anaweza kuwa ameshauza kiti hicho hicho. Neno mtandao linatokana na kutanda na kutandaa, ukoo mmoja na utando wa buibui na kitanda kile cha kamba. Kamba moja ya kitanda haimbebi mtu. Zinambeba zikiwa zimepishana na kushikana. Tiketi ni ya mtandao pale ambapo kila dirisha la kuuzia linaona kiti kile kile kimeshachukuliwa.

Neno lingine tunaloliburuza ni nauli. Limetujia kwa Kiarabu, na Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, ambao naulon kwao ilikuwa ada ya kusafiri kwa merikebu. Kwa sisi watu wa Ziwa Victoria hili linapendeza: nauli ilikuwa ya chombo cha majini kabla haijawa ya daladala. Lakini tangu huko ni pesa, si karatasi. Tiketi ni neno la Kiingereza lililochukuliwa Ufaransa, na asili yake ni kijikaratasi kinachobandikwa. Kati ya hizo mbili ipo stakabadhi, ya mzizi mmoja na kukabidhi: uthibitisho kwamba kitu kimepokelewa. Meseji ya mama wa Nyegezi ni stakabadhi ya nauli. Haijambandika popote.

Halafu kuna ile namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, ambayo wengi wanaiita kontroli namba. Hii ndiyo ya kwanza kuitwa tiketi na ndiyo iliyo mbali zaidi na tiketi. Ni ankara. Inasema: mtu fulani anadaiwa kiasi hiki. Mtu anajaza safari, anapata namba, anaituma kwa shangazi na maneno "tiketi yako hiyo", analala. Muda wa kulipia unapita, ankara inakufa, kiti kinarudi sokoni. Asubuhi shangazi ana tarakimu 12 tu. Mwingine analipa pungufu kwa sababu hakuacha pesa ya makato, na malipo yanakataliwa mazima.

Abiria wa Mwanza wanakutana na haya pia relini. Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Julai mwaka huo ikafika Dodoma, kwa hiyo wapo wanaopanda basi hadi Dodoma na kumalizia kwa treni. Kipande cha Mwanza hadi Isaka kikikamilika, maneno haya yatahitajika hapa hapa nyumbani. Kosa la kawaida ni la majina: mtu mmoja anakata tiketi nne na kujaza jina lake kwenye zote, kwa kuwa ndiye anayelipa. Jina linalotakiwa ni la anayesafiri, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Namba ya simu iliyolipa haimhusu mkaguzi.

Treni za mjini, za kwenda na kurudi kazini, zina jambo lao. Hazina namba za viti, kwa hiyo tiketi lazima ishike muda badala ya kiti. Treni za Boston, Marekani, zilipoanza tiketi za simu mwaka 2012, ilikuwa kununua ni hatua ya kwanza na kuiwasha kabla ya kupanda ni ya pili. Ikishawashwa, kioo kinaonyesha rangi zinazocheza ili picha ya jana isipite. Mumbai, India, programu ya simu iliwekwa itazame mahali ulipo na kugoma kukuuzia ukiwa umeshafika relini, maana kuna waliongoja mkaguzi atokee ndipo wanunue. Na penye tiketi za kuwasha, kama Boston, mtu anaweza kukwama kwa mkaguzi huku amelipa: nauli imetoka, tiketi haijawashwa.

Kuhusu kimraba cha QR, kioo kilichopasuka hakina shida sana kama watu wanavyodhani. Msimbo huo umetengenezwa kuvumilia kuharibika, kati ya asilimia 7 na 30 kulingana na ulivyoandaliwa. Kinachoushinda ni mwanga hafifu wa simu iliyowekwa kwenye hali ya kubana chaji, jua linalopiga kioo, na picha iliyokatwa ikapoteza ukingo mweupe au mmoja wa miraba mitatu ya pembeni ambayo mashine huianza kuitafuta. Ongeza mwanga, ipishe simu na jua, fungua faili lenyewe. Mwenye simu ya batani aandike namba ya tiketi kwenye karatasi. Kishina kikiwepo, namba inatosha.

Ziwani kishina kina uzito wake. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, majina ya daraja la kwanza na la pili yalikuwepo; abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mkata tiketi alifariki na mashine ya kumbukumbu ilipotelea majini pamoja na kivuko, ikawa vigumu kusema waliopanda walikuwa wangapi. Kishina kilichobaki nchi kavu si anasa ya teknolojia.

Kwa hiyo, ukiwa na meseji ya pesa peke yake, sema "nimelipa nauli, tiketi haijaja", kisha mpe karani wa dirishani namba ya muamala iliyo kwenye meseji aitafute kwenye mfumo. Atakuelewa mara moja. Ukimwambia "tiketi si hii hapa", mtabishana mpaka basi liondoke.