Maji Yananuka Dawa: Tunywe au Tuyamwage?

Maji ya bomba kwetu yananuka dawa. Ni kweli klorini, dawa hiyo ya kuua vijidudu, inaleta saratani?

Klorini yenyewe, kwa kiasi kinachotiwa kwenye maji ya kunywa, haijaonekana kuleta saratani. Linalotiliwa shaka ni lile inalozaa. Ikikutana na mabaki ya majani, mizizi iliyooza na mwani ndani ya maji, huungana nayo na kufanya kemikali mpya. Kundi linalojulikana zaidi ni trihalomethani, na klorofomu ni mojawapo. Mkemia Johannes Rook, aliyefanya kazi kwenye maji ya mji wa Rotterdam, Uholanzi, ndiye aliyelianika jambo hili mwaka 1974.

Kwa hiyo uchafu ndio unaoamua. Dawa ileile, kipimo kilekile, ukiitia kwenye maji maangavu ya kisima kirefu, kemikali hizo huwa chache sana. Itie kwenye maji ya mto Ruvu wakati wa masika, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, utapata nyingi. Ndiyo maana kwenye mitambo ya maji hutiwa shabu ili tope litulie, maji yakachujwa kwenye mchanga, kisha ndiyo hutiwa klorini ya kuyalinda mpaka yafike bombani.

Hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Ipo, na si haki kuificha. Watu waliokunywa kwa miaka mingi maji yenye trihalomethani nyingi wameonekana kuugua saratani ya kibofu cha mkojo zaidi kidogo kuliko wengine. Mwaka 2020 watafiti wa Ulaya walikadiria kuwa huenda wagonjwa 5 hivi katika kila 100 wa saratani hiyo huko wanatokana na kemikali hizi. Kuhusu wajawazito, tafiti zinapishana: baadhi zimeona watoto wakizaliwa na uzito pungufu kidogo, nyingine hazikuona. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa klorofomu kuwa mikrogramu 300 kwa lita (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Marekani ni wakali zaidi: trihalomethani zote nne kwa pamoja zisizidi mikrogramu 80 kwa lita.

Sasa weka hilo upande mmoja, na kipindupindu upande wa pili. Hicho hakingoji miaka. Mtu ameamka mzima, anaharisha maji kama ya mchele, na jioni familia inatafuta sanda. Dar es Salaam ilikiona mwaka 2015. Shirika hilohilo lililoweka ukomo wa klorofomu linasema wazi kuwa madhara ya kemikali hizi ni madogo mno yakilinganishwa na madhara ya kunywa maji yasiyouliwa vijidudu. Mama mmoja aliniambia amerudi kwenye kisima kifupi cha jirani kwa kuwa "kile hakina madawa". Choo cha nyumba ya pili kilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Nilikosa usingizi kwa ajili ya watoto wake.

Nikitia dawa mwenyewe kwenye ndoo, si najitengenezea sumu?

Hapana. Watafiti waliyapima maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo cha nyumbani huko magharibi mwa Kenya, yakiwemo ya tope, wakachapisha matokeo mwaka 2008: trihalomethani hazikuvuka viwango vya Shirika la Afya Duniani.

Hata hivyo, unaweza kuzipunguza zaidi kwa kufuata utaratibu. Chota maji jioni, yaache yatulie usiku kucha. Asubuhi kunja kanga safi mara nne, ifunge kwenye mdomo wa ndoo nyingine, umimine taratibu. Ukiona tope linaanza kuja, acha hapohapo. Hapo ndipo utie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, ukoroge, ufunike, usubiri nusu saa. Harufu hafifu ikibaki, usiiogope. Ni dalili kwamba dawa ingali inalinda ndoo yako.

Wanaotumia mbegu za mlonge kutuliza tope wajue kuwa mbegu nazo huacha masalia yake majini. Zinasafisha vizuri, ila chuja kabla ya kutia dawa.

Kisima chetu cha pwani kina chumvi. Kuna tofauti?

Ipo, na watu wa pwani hawaambiwi mara nyingi. Maji ya bahari yakipenya kisimani huja na bromidi, kemikali iliyomo kwenye maji hayo. Klorini huigeuza kuwa bromini, nayo hushikamana na uchafu haraka. Mojawapo ya trihalomethani zenye bromini imewekewa ukomo wa mikrogramu 60 tu kwa lita, mara tano chini ya klorofomu. Kama mna chanzo kingine kisicho na chumvi, cha chumvi kiwe cha kufulia na kudekia. Kama hamna, tieni dawa. Kipindupindu hakichagui chumvi.

Nikichemsha, zinatoka?

Trihalomethani huruka na mvuke, kwa hiyo maji yakitokota sufuria ikiwa wazi, nyingi zinaondoka. Asidi za haloasetiki, kundi la pili la kemikali hizi, hubaki. Kumbuka pia maji yaliyochemshwa hayana tena dawa ya kuyalinda. Ukichovya kikombe kwa mkono mchafu, umerudi mwanzo.

Na chujio la mkaa?

Linafanya kazi ikiwa ni mkaa maalumu uliotengenezwa kwa kuchujia, na ukibadilishwa kwa wakati. Mkaa wa jikoni hauna uwezo huo. Chujio hilo huondoa klorini pia, kwa hiyo maji yake yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko na yanywewe siku hiyohiyo.