Zhang Ning wa mpira wa vinyoya: yanayosemwa na yaliyotokea

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Zhang Ning si Zhang Yining. Nawaelewa wanaowachanganya: wote ni Wachina, wote walitwaa dhahabu ya wanawake mmoja mmoja Athens 2004, wote wakairudia Beijing 2008, na majina yao yanakaribia kufanana kabisa. Lakini Zhang Yining ni wa tenisi ya meza, na ndiye aliyekula kiapo kwa niaba ya wanamichezo siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya 2008. Zhang Ning ni wa mpira wa vinyoya (badminton), mzaliwa wa Jinzhou, mkoa wa Liaoning, mwaka 1975, na ndiye aliyebeba bendera ya China siku ya kufunga. Ukikuta mahali anasifiwa kwa medali nne za dhahabu za Olimpiki, ujue amevikwa za mwenzake. Zake ni mbili. Na hizo mbili, kwa jinsi zilivyopatikana, ndizo zinazonifanya nimwandike yeye na si mwingine.

"Mabingwa wa China huiva wakiwa watoto"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa sababu inafuta sehemu nzuri kuliko zote ya maisha yake. Picha iliyomo vichwani mwa watu ni ya kiwanda: mtoto anaingizwa akiwa na miaka sita, anatoka na medali akiwa na miaka ishirini, ishirini na tano amechoka, anafuata mwingine.

Sasa tazama yaliyomkuta Zhang Ning. Mei 1994, Jakarta, fainali ya Kombe la Uber, mashindano ya timu za wanawake za mataifa. Huchezwa mechi tano, na timu inayotangulia kushinda tatu ndiyo inayobeba kombe. China na Indonesia zilikuwa mbili kwa mbili. Mechi ya mwisho ikamwangukia Zhang Ning, ndiyo kwanza anafikisha miaka 19, mbele ya uwanja mzima wa Waindonesia. Ng'ambo ya wavu alisimama Mia Audina, mtoto wa miaka 14. Zhang Ning akafungwa, na kombe likabaki Jakarta.

Kupoteza mechi ni jambo la kawaida. Kupoteza mechi ambayo timu nzima imekutegemea, tena kwa mtoto mdogo kiasi hicho, ni jambo linalomfuata mtu. Olimpiki ya Atlanta 1996 ilipita bila yeye. Ya Sydney 2000 nayo ikapita bila yeye, na dhahabu akaichukua Mchina mwenzake, Gong Zhichao, mdogo wake kwa miaka miwili. Kwa hesabu za kawaida za mchezo huu, msichana wa Jinzhou alikuwa amekwisha. Alipata shaba ya ubingwa wa dunia mwaka 2001 kule Seville, na mwaka 2003 kule Birmingham ndipo akawa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 28, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshaziweka raketi kabatini.

Athens ilikuwa Olimpiki yake ya kwanza. Alikuwa na miaka 29. Na katika fainali akamkuta nani? Mia Audina yule yule, safari hii akiichezea Uholanzi, alikohamia baada ya kuolewa. Miaka kumi imepita, mtoto wa Jakarta ni mwanamke wa miaka 24 mwenye medali ya fedha ya Olimpiki tangu 1996. Audina akachukua seti ya kwanza, 11-8. Mimi hapo ningekuwa Zhang Ning, ningeuona uwanja wa Jakarta umerudi wote. Yeye akachukua ya pili 11-6, na ya tatu 11-7.

"Dhahabu ya Beijing alipewa tu, kwani fainali ilikuwa ya Wachina watupu"

Shaka hii haikuzuka hewani, na kuikanusha juu juu ni kumkosea msomaji. Timu ya China ina historia ya kupanga nani amwachie nani. Zhang Ning mwenyewe alinufaika nayo: mwaka 2008 kocha mkuu, Li Yongbo, alikiri hadharani kwamba katika nusu fainali ya Athens, Zhang Ning alipokwisha kushinda seti ya kwanza, Zhou Mi aliambiwa asijichoshe, amwachie mwenzake aende fainali akiwa na nguvu. Zhou Mi akaishia na shaba. Hilo ni doa, na linabaki doa hata kwa sisi tunaompenda Zhang Ning. Mwaka 2012 London mambo ya namna hiyo yalifika mahali ambapo jozi nne za wanawake, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, ziliondolewa mashindanoni kwa kucheza kwa makusudi ya kushindwa.

Lakini kuna hatua ndefu kati ya nusu fainali ya Athens na fainali ya Beijing. Mpinzani wake Beijing alikuwa Xie Xingfang, mwenye miaka 27, bingwa wa dunia wa 2005 na 2006, na fainali zote mbili hizo, Anaheim na Madrid, alimfunga Zhang Ning. Kama ungetafuta wa kupewa, vitabu vilimwonyesha Xie. Athens kulikuwa na sababu iliyotajwa na kocha mwenyewe: fainali ilikuwa dhidi ya mgeni. Beijing dhahabu na fedha zilikuwa za China vyovyote iwavyo.

Halafu itazame mechi yenyewe, Agosti 16, 2008. Seti ya kwanza Zhang Ning 21-12. Ya pili Xie akamfunga 21-10. Mtu wa miaka 33 akipigwa hivyo katika seti ya pili, macho ya wajuzi hushuka miguuni: anarudi katikati ya uwanja kwa wakati, au amechelewa hatua moja? Maana kinyoya, kile kinachopigwa badala ya mpira, hakimsubiri mtu. Mpinzani akikuvuta mbele kwenye wavu, kisha akakirusha juu hadi mstari wa nyuma, kila hatua uliyochelewa inalipwa papo hapo. Zhang Ning alizilipia hatua hizo katika seti ya pili yote, kisha akaingia ya tatu na kuishinda 21-18. Akawa mchezaji wa kwanza, awe mwanamume au mwanamke, kutetea dhahabu ya Olimpiki ya mmoja mmoja katika mpira wa vinyoya.

"Kanuni mpya ziliwapendelea vijana"

Hili walilisema wengi mwaka 2006, mfumo wa pointi ulipobadilishwa, na lilikuwa na mantiki. Zamani pointi ilikuwa ya aliyeanzisha kupiga tu. Mwenzako akianzisha na wewe ukashinda mpigo, yaani kule kupigiana hadi kinyoya kianguke, ulichopata ni haki ya kuanzisha, pointi hakuna. Wanawake wa mmoja mmoja walicheza hadi 11. Mfumo ule ulimpa mwenye subira nafasi: ukikosea, bado unaweza kuzuia. Tangu 2006 kila mpigo una pointi, na seti huenda hadi 21. Kosa limekuwa na bei wakati wote, na mchezo umekuwa wa kasi tangu mpigo wa kwanza.

Athens ilichezwa kwa mfumo wa zamani, Beijing kwa mpya. Zipitie orodha zote za mabingwa wa Olimpiki wa mchezo huu, wanaume kwa wanawake, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili: mwenye dhahabu katika mifumo yote miwili ni mmoja, na ni huyu aliyedhaniwa mzee. Nashangaa jambo hili halisemwi mara nyingi zaidi.

"Ni mchezo wa uani"

Nitaenda haraka hapa. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16, kwa kawaida ya bawa la bata bukini, na uzito wake ni kama gramu 5. Kwa sababu ni chepesi watu hudhani na mchezo wenyewe ni mwepesi. Kinyoya kinachopigwa na wanawake wa leo kimepimwa kikipita kilomita 400 kwa saa. Kwetu Afrika Mashariki wanaoujua kwa ndani si wengi, ingawa Mganda Edwin Ekiring alikuwepo kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya Beijing akicheza upande wa wanaume.

"Wanawake wa China hawajawahi kushindwa Olimpiki"

Wameshindwa, tena sana. Mpira wa vinyoya ulianza kutolewa medali Barcelona 1992, na dhahabu ya wanawake mmoja mmoja ikaenda kwa Susi Susanti wa Indonesia. Atlanta ikaenda kwa Bang Soo-hyun wa Korea Kusini. Rio 2016 ilikuwa ya Carolina Marín wa Hispania, na Paris 2024 ya An Se-young wa Korea Kusini. China ilishika usukani kuanzia Sydney hadi London, Olimpiki nne mfululizo, na mbili za katikati ni za Zhang Ning. Hata Beijing, nyumbani, shaba iliwaponyoka: Maria Kristin Yulianti wa Indonesia alimfunga Lu Lan.

Baada ya Beijing aliiweka raketi chini na kuingia kwenye ukocha wa timu ya taifa ya wanawake. Wale wanaosema alipotea wairudie fainali ya London 2012. Li Xuerui alimfunga Wang Yihan kwa seti tatu, 21-15, 21-23, 21-17. Zhang Ning alikuwa miongoni mwa makocha waliowanoa wote wawili.