Kutafuta kumbukumbu za kihistoria kwa mfululizo wa mihadhara: mfano wa 2027

Mtu anayeona tangazo la mhadhara wa umma hujiuliza kwa nini aje kusikiliza jambo hili mwaka huu na si mwaka mwingine. Kumbukumbu ya kihistoria humjibu. Ila mihadhara sita iliyounganishwa na tarehe peke yake ni kapu la mada zisizojuana. Kwa hiyo mimi hukusanya tarehe kwanza, kisha natafuta swali moja ambalo tarehe kadhaa zinaligusa. Swali lisipojitokeza, naachana na kumbukumbu na kutafuta msingi mwingine.

Kukusanya ni hesabu ya kutoa. Chukua mwaka wa mihadhara, tuseme 2027, utoe 25, 50, 75, 100, 150, 200, 250, 300, 400 na 500. Utabaki na miaka kumi: 2002, 1977, 1952, 1927, 1877, 1827, 1777, 1727, 1627 na 1527. Miaka 60 na 70 naiongeza kwa sababu moja tu: kama walioshuhudia tukio bado wako hai na wanaweza kusimama mbele ya watu wakasimulia. Kusubiri miaka 75 ni kuwakosa.

Kila mwaka ufungulie ukurasa wake katika lahajedwali, kisha usome makala ya mwaka huo kwenye Wikipedia, kwa lugha mbili angalau, kwa sababu kila lugha huwakumbuka watu wake. Ukitaka orodha pana zaidi, Wikidata, hifadhidata huru iliyo dada ya Wikipedia, inakuruhusu kuuliza kwa sifa, na kila sifa ina namba yake: kuzaliwa ni P569, kufariki P570, kuanzishwa P571, kuchapishwa P577. Uliza mwaka mmoja na sifa moja kwa mara moja, maana ombi zito hukatwa baada ya sekunde 60. Panga matokeo kwa idadi ya lugha zenye makala kuhusu mtu au kitu hicho, kisha usome 200 za juu kwa macho yako.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Tarehe inayojulikana mwaka tu huhifadhiwa kama 1 Januari, kwa hiyo utaona umati wa watu "waliozaliwa" siku ya mwaka mpya. Omba pia kiwango cha usahihi wa tarehe: 11 maana yake siku inajulikana, 10 mwezi, 9 mwaka tu.

Sasa tazama kilichopatikana. Mwaka 1627 mwanaastronomia Kepler alichapisha majedwali yake ya mwendo wa sayari. Mwanafizikia Newton alifariki 1727. Mwanahisabati Gauss alizaliwa 30 Aprili 1777. Mwanahisabati Laplace na Volta, mvumbuzi wa betri, walifariki siku moja, 5 Machi 1827, na mtunzi wa muziki Beethoven akafuata tarehe 26 mwezi huohuo. Mwaka 1927 mwanafizikia Heisenberg alitoa kanuni yake ya kutokuwa na uhakika, na mwanafizikia mwenzake Lemaître akachapisha wazo la ulimwengu unaotanuka. Mwaka 1977 vyombo viwili vya anga za juu viitwavyo Voyager vilirushwa: Voyager 2 tarehe 20 Agosti, na Voyager 1, licha ya namba yake, baadaye, tarehe 5 Septemba.

Soma orodha hiyo mara mbili, swali litatoka lenyewe: je, yajayo yanahesabika? Majedwali ya Kepler yaliwezesha kutabiri kwamba Utaridi ingepita mbele ya Jua mwaka 1631, na ikapita, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla. Newton alieleza sheria inayoongoza mwendo huo. Gauss, kwa vipimo vichache vya mwaka 1801, alikokotoa njia ya sayari kibete Ceres iliyokuwa imepotea nyuma ya Jua, nayo ikaonekana tena pale aliposema. Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua nguvu zote na mahali pa kila kitu ingeyaona yajayo kama inavyoyaona yaliyopita. Heisenberg akaweka mpaka: mahali pa chembe na mwendo wake havijulikani vyote kwa usahihi kamili kwa pamoja. Voyager 2 ilizipitia sayari nne kubwa kwa kutumia mpangilio wao unaojirudia takriban kila miaka 175, jambo lililojulikana mapema kwa hesabu tu. Mihadhara sita: miaka 400, 300, 250, 200, 100 na 50.

Beethoven angejaza ukumbi. Simuweki. Hagusi swali hili, na akiingia yeye, msikilizaji hawezi tena kueleza mfululizo unahusu nini.

Uthibitishaji ndio unaokula muda. Mfano bora ni Newton. Kumbukumbu za Kiingereza za wakati wake zinasema alifariki 20 Machi 1726. Uingereza ilitumia bado kalenda ya zamani, ya Juliani, na mwaka wake wa kisheria ulianza 25 Machi. Kwa kalenda ya Gregori, tunayoitumia leo, ni 31 Machi 1727. Mratibu anayenakili 1726 bila kuuliza atafanya mhadhara mwaka mzima kabla ya wakati. Tofauti kati ya kalenda hizo ni siku 10 hadi mwanzoni mwa 1700, 11 katika karne ya 18, 12 katika karne ya 19, na 13 tangu 1900. Katika lahajedwali weka safu mbili, tarehe ilivyoandikwa wakati ule na tarehe ya Gregori, usizichanganye kamwe.

Kwa matukio ya kabla ya Kristo, kumbuka hakuna mwaka sifuri: jumlisha mwaka wa tukio na mwaka wa mihadhara, kisha toa 1. Vita vya Marathon, mwaka 490 KK, vilitimiza miaka 2500 mwaka 2011, ingawa mbio za Athens ziliiadhimisha 2010. Tarehe za Hijria zibadilishe kabla ya kutoa chochote, kwa kuwa miaka 100 ya Hijria ni takriban 97 ya jua.

Amua pia ni tukio lipi hasa linaloadhimishwa. Mwanasayansi Fleming aliona athari ya ukungu wa penisilini Septemba 1928, akachapisha 1929. Zote ni halali, na ukichelewa ya kwanza unayo ya pili, mradi tangazo liseme ni ipi.

Mwisho, weka tarehe juu ya kalenda ya 2027 yenyewe. Tarehe 5 Machi ni Ijumaa ndani ya Ramadhani. Tarehe 31 Machi ni Jumatano, siku tatu baada ya Pasaka. Si lazima mhadhara uangukie siku yenyewe. Wiki mbili au tatu kabla ni bora kuliko baada, wakati masikio yamekwisha kuchoka na jina hilo. Wazungumzaji waandikie miezi 18 mapema. Mtaalamu wa Newton ataombwa na kila mtu mwaka huo, ilhali wa Gauss huenda akakubali kwa barua ya kwanza. Na kwenye tangazo andika "miaka 300 tangu kifo cha Newton", si "miaka 300 ya Newton", ambayo msomaji ataielewa kuwa ya kuzaliwa.