Namba mbili zilizofutwa

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa biolojia aliniomba nimsaidie kusimamia utafiti wa mwanafunzi wake wa kidato cha tano, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni wadudu wanaoshambulia nafaka ghalani, nilikubali bila kusitasita. Binti huyo alitaka kujua kama unga wa majani makavu ya muarobaini unapunguza uharibifu wa dumuzi katika mahindi yaliyohifadhiwa. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania, alitoka Amerika ya Kati na kuonekana kwetu mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo anaweza kuligeuza gunia zima kuwa vumbi. Swali la binti lilikuwa zuri, kwa kuwa lilipimika kwa mizani ya jikoni na chupa tupu za jamu, na jibu lake lilikuwa na maana nyumbani kwao.

Alipanga chupa kumi, zote zikiwa na uzito uleule wa mahindi na idadi ileile ya wadudu. Tano alizichanganya na muarobaini, tano akaziacha zilivyo ili awe na cha kulinganisha. Baada ya wiki sita alihesabu punje zilizotobolewa, akaniletea daftari. Kila kitu kilikuwa nadhifu, isipokuwa namba mbili katika safu ya muarobaini zilizofutwa kwa kifutio na kuandikwa upya. Nilipomuuliza, alijibu kwa sauti ya chini, “Mwalimu, hizo zilikuwa haziendani na zenzake.”

Sikumkasirikia, kwa sababu ndivyo tulivyomlea. Katika mitihani ya vitendo mwanafunzi hupima asidi na besi huku akijua kwamba jibu sahihi lipo tayari mahali fulani, na anayepata namba ya ajabu huirekebisha ifanane na ya jirani. Wanafunzi wenyewe wana neno lao: kupika data. Utafiti halisi ndio pekee, kwa uzoefu wangu, unaomtoa kijana katika jiko hilo, kwa sababu humweka mbele ya swali ambalo mwalimu wake pia hana jibu lake.

Tulirudi kwenye chupa zile mbili. Mahindi ya gunia la kwanza yalikuwa yamemwishia, akajazia kwa mahindi ya bibi yake. Tulichukua sehemu ya mahindi hayo yaliyobaki, tukayaweka katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tukatikisa kwa dakika chache na kuacha yatulie. Chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa, ishara kwamba mahindi hayajakauka vya kutosha kuhifadhiwa. Tulipozipasua baadhi ya punje tulikuta viluwiluwi ndani. Kumbe alikuwa ameanza hesabu na wadudu wengi kuliko aliowatia kwa mkono wake. Namba zile mbili alizozifuta ndizo zilizokuwa na habari. Nyingine nane zilikuwa zikirudia tu alichokitarajia.

Kila ninaposimulia kisa hiki humkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akahofia kukosa nafasi katika jokofu, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi! Mtu mzima huyo alikuwa na kifutio kama cha binti wangu. Mpemba na Osborne walichapisha kazi yao mwaka 1969, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi sasa. Mwaka 2016 watafiti wawili walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta tofauti inayodhaniwa kuwa ni maajabu. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba kitu, kwa kuwa alishikilia alichokiona na akakubali kipimwe na wengine.

Faida nyingine zipo, nazo nitazipitia kwa haraka. Mwanafunzi hujifunza kuandika sentensi inayobeba ushahidi, hesabu za wastani zinapata kazi ya kufanya, na katika maonyesho kama ya Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza mwaka 2011, hulazimika kumweleza mgeni kazi yake bila kukariri. Wapo wanaogundua kwamba maabara si mahali pao, na kulijua hilo kabla ya kujaza fomu za chuo kikuu si hasara.

Nisichokipenda ni utafiti wa kununua cheti. Nimeona mabango yenye maneno ambayo mwenye bango hawezi kuyatamka, na wazazi wanaouliza jarida gani litachapisha haraka. Pia kijana asikusanye damu wala siri za wagonjwa kwa sababu tu amepata wazo. Hayo yana vibali vyake, na mahindi katika chupa yanatosha kabisa kumfundisha.

Binti alirudia jaribio kwa mahindi ya gunia moja, yaliyokaushwa na kuchekechwa. Safari hii chupa za muarobaini zilikuwa na uharibifu mdogo kidogo, tofauti ambayo mimi nisingethubutu kumshauri mkulima aitegemee, naye akaiandika hivyohivyo bila kuipamba. Ule ukurasa wa zamani hakuuchana. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma alama za penseli zilizobaki chini ya kifutio, akaziandika upya pembeni kwa wino, pamoja na tarehe na maneno “mahindi ya bibi, hayakukauka”. Siku ya maonyesho ya shule jaji mmoja alipitia bango lake kwa dakika mbili hivi, kisha akaliomba daftari, akafika kwenye ukurasa huo, akavuta kiti.