Akina Armstrong si ndugu

Neil Armstrong alikanyaga Mwezi mwaka 1969. Louis Armstrong alipuliza tarumbeta ya jazi. Lance Armstrong aliendesha baiskeli za mashindano. Wote Wamarekani, na mtu anaweza kudhani ni ukoo mmoja. Sivyo.

Neil alikuwa na asili ya Uskoti. Mwaka 1972 alizuru Langholm, mji wa Uskoti unaohusishwa na ukoo wa Armstrong, akapokewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Louis alizaliwa New Orleans, mzawa wa Waafrika waliofanywa watumwa. Lance ndiye kichekesho chenyewe: alipozaliwa mwaka 1971 aliitwa Gunderson. Jina la Armstrong alilipata baadaye kwa baba wa kambo, kwa karatasi tu, wala si kwa damu.