Moroko: tume iliyolipa fidia bila kumtaja mtesaji

Kazi yangu ni sheria za haki za binadamu, hasa hizi tume za ukweli, yaani zile zinazochunguza ukatili wa serikali za zamani, na nikiulizwa nchi gani ya Kiarabu ilianza kujichunguza mapema huwa natajaga Moroko. Watu wanadhani nasifia. Sisifii, ila sibezi pia.

Mfalme Hassan II alitawala toka 1961 mpaka 1999. Mehdi Ben Barka, mpinzani wake mkubwa, alitekwa Paris Oktoba 1965 na mwili wake haujaonekana hadi leo. Halafu yakaja majaribio mawili ya mapinduzi, 1971 na 1972, na baada ya hapo wanajeshi 58 wakapelekwa jela ya siri ya Tazmamart, kusini mashariki huko, kila mtu na chumba chake cha giza, hakuna daktari, hakuna barua, na serikali miaka yote hiyo inakana kwamba jela hiyo ipo. Walipotolewa 1991 zaidi ya nusu walishakufa.

Sasa shika hili: mfalme hakupinduliwa. Ni ikulu yenyewe ndo ilifungua mlango, kwa presha ya wanaharakati na ya Ulaya sawa, lakini funguo ilibaki mfukoni mwake. Hassan mwenyewe alianza kuachia wafungwa miaka ya 90, 1998 akampa uwaziri mkuu Abderrahmane Youssoufi aliyekuwa ameishi uhamishoni miaka mingi, kisha mwanawe Mohammed VI, aliyerithi kiti, akaunda tume ya ukweli Januari 2004, na mwenyekiti akamweka Driss Benzekri ambaye alikula jela miaka 17 enzi za baba. Desemba ile ile wahanga wakaanza kusimulia mateso yao kwenye televisheni ya taifa. Kwa nchi ile, aisee, si jambo dogo.

Ila kulikuwa na sharti. Shahidi haruhusiwi kumtaja aliyemtesa. Na tume haikuwa na uwezo wa kumpeleka yeyote mahakamani, wala kumlazimisha ofisa wa zamani aje kujibu, kwa hiyo baadhi ya vyombo vya usalama vilitoa ushirikiano kiduchu tu na vikaachwa hivyo hivyo. AMDH, chama cha wanaharakati, kikaitisha vikao vyake 2005 na huko majina yakatajwa waziwazi.

Kwenye fidia lakini, nawapa haki yao. Tume ilipokea mafaili zaidi ya 16,000, maelfu ya wahanga na familia zao wakalipwa, na hata maeneo yaliyoadhibiwa kwa ujumla wake kama Figuig na Zagora yakatengewa miradi. Linganisha na Kenya, ripoti ya tume yao ya 2013 ilitaja watu kwa majina halafu fidia ikakwama. Mhanga mzee anayehitaji dawa ungemwambia achague lipi? Mimi swali hilo sina jibu lake rahisi.

Tatizo langu liko mbele kidogo, yaani ripoti ya tume ya Moroko ilipendekeza mahakama huru na vyombo vya usalama viwajibike, na katiba ya 2011, iliyoletwa haraka baada ya maandamano ya Februari 20 mwaka huo huo, ikaandika marufuku ya mateso kwenye ibara ya 22 na ikakifanya Kiamazigh, lugha ya Waberberi, kuwa lugha rasmi. Kwenye karatasi safi kabisa. Halafu Oktoba 2016 muuza samaki akafa kule Al Hoceima akijaribu kuokoa samaki wake waliokamatwa na kutupwa kwenye gari la taka, watu wa Rif, mkoa wa huko kaskazini, wakaandamana miezi kibao, na Juni 2018 kiongozi wao Nasser Zefzafi akapigwa miaka 20. Alisema aliteswa alipokamatwa.

Julai 2024 mfalme akatoa msamaha, waandishi wa habari Omar Radi, Soulaimane Raissouni na Taoufik Bouachrine wakatoka jela. Msamaha lakini, sio kwamba mahakama ilikaa ikasema hukumu zile zilikosewa. Na Zefzafi kwenye orodha hiyo hakuwemo.